Sweta za Oktoba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, ndoo ya buluu na chupa ya dawa ya kuulia viini, nami nilikuwa nimejitanda mtandio wangu wa Idi kwa sababu nilijua naenda kufundisha. Ndivyo nilivyoambiwa Mombasa. Shule ya watoto wadogo, Dubai, mtaa wa Satwa, wanataka mwalimu anayejua kuimba. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, na nyuma yangu nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kufundisha chekechea Majengo, watoto arobaini katika chumba kimoja, ubao mmoja, na koo langu. Meneja wa shule, mama wa Kilebanoni aliyekuwa akivaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, alinitazama juu mpaka chini.

"Vyoo vya watoto viko kushoto," akasema. "Yalla."

"Madam, mimi ni mwalimu."

"Inshallah," akanijibu. Neno hilo huko Ghuba lina namna nyingi za kutamkwa, na ile ilikuwa namna ya kukutaka ufunge mdomo.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa ule muongo wa elfu mbili na kumi. Kadi yangu ya kazi ilipotoka, aliyeileta alikuwa mandubu, yaani yule mtu wa kampuni ambaye kazi yake ni kukimbiza karatasi katika ofisi za serikali. Kwenye mstari wa kazi paliandikwa: Msafishaji. Nikamuuliza ni mambo gani haya. Akacheka, akanipa na peremende. "Mama, hiyo ni karatasi tu. Kadi ya mwalimu inataka vyeti, mihuri, ubalozi, maneno mengi. Hii ni rahisi. Khalas." Nikaitia kadi mkobani. Nyinyi vijana mnaofunga masanduku leo, hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo sikumkopa mtu, ni langu mwenyewe. Mtu hupewa jina lake la kazi siku ya kwanza, na asipolikataa siku hiyo litamfuata mpaka ndani ya chumba atakamokuja kulia.

Satwa shule yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja, kati ya fundi cherehani na gereji ya pikipiki. Nilipiga deki miezi mitatu. Siku moja mwalimu wa watoto wa miaka miwili hakuja, na watoto kumi na mmoja wakaanza kulia kwa zamu, kisha wote pamoja. Meneja anapiga simu, anafokea simu, analia yeye pia. Nikaegemeza deki ukutani, nikakaa kwenye zulia, nikainua mikono yangu miwili juu kabisa, nikanyamaza. Sikuimba bado. Mtoto mdogo akiona mtu mzima amekaa sakafuni na mikono hewani bila kusema kitu, lazima atake kujua kinachofuata. Mmoja akaacha kulia, wa pili, wa tatu. Walipotulia wote ndipo nikateremsha vidole polepole, nikaimba. Nilipogeuka, meneja alikuwa amesimama mlangoni, miwani yote miwili imeshuka.

"Kuanzia kesho duara ni lako," akasema. "Usafi pia."

Duara ndiyo kazi ninayotaka kuwaeleza, maana wengi hudhani kuimba na watoto ni kupoteza wakati. Ni kikao cha hadithi na nyimbo, saa tatu asubuhi, watoto wamekaa kwenye zulia wamekuzunguka. Mtoto wa miaka miwili hana nusu saa ya kukupa. Ana dakika sita, nane ukiwa na bahati, na hizo huzipati kwa mdomo, unazipata kwa mikono. Hadithi iwe na vitu vitatu, visizidi, na vyote viwemo kapuni: ukisema jani, toa jani, alishike, alinuse, alitafune kidogo kama ni safi. Kapu hilo tuliliita kapu la hazina. Kila kitu kabla hakijaingia kapuni nilikipitisha katika kile kibomba cha karatasi cha katikati ya tishu ya chooni. Kikipita, mtoto atakabwa nacho, hakiingii. Hakuna cheti kilichonifunza hilo. Nilifunzwa na mtoto mmoja wa Majengo na ukwaju mmoja, na namshukuru Mungu hadi leo kwamba nilikuwa na kidole chembamba.

Sasa, wazee wa watoto wale walitoka kila pembe ya dunia, na kila Oktoba walitaka watoto wao wafundishwe vuli. Kwetu vuli ni mvua. Kwa hao ni majani kugeuka rangi na kupukutika. Na pale Dubai mwezi wa kumi ni joto ambalo limepungua kidogo tu, ukishika kitasa cha gari bado unaruka. Mimi sikuona tabu. Nilipohamishiwa tawi la Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, nilikuta uani mti wa mkungu, huu huu wetu wa Pwani wenye majani mapana kama sahani. Majani yake hugeuka mekundu moja moja, kisha yanaanguka. Nikasema, haya, vuli si hii hapa? Inakuja taratibu, jani kwa jani, nasi tutaingoja. Kila asubuhi tulienda dirishani kuhesabu mangapi yamekuwa mekundu, na likianguka moja lilikuwa jambo kubwa, linaingia kapuni, linatungiwa hadithi yake: lilikuwa wapi, lilimwona nani, limelala wapi.

Wimbo nilitunga mwenyewe, jikoni, nikisubiri maji ya chupa za maziwa yachemke. Mimi nauliza, watoto wanajibu:

Jani, jani, wenda wapi?
Chini!
Jani, jani, wenda na nani?
Upepo!
Chini, chini, chini, chini...
Puu!

Jani halifanyi puu, najua. Ndiyo maana walicheka. Mikono huanza juu kabisa, vidole vinatikisika, vinashuka, na kwenye puu kila mtu anapiga zulia. Kisha tunasubiri. Mtoto mmoja huinua tena mikono yake, kimya, kuniomba nirudie, nami nikiinua yangu ndiyo nimekubali. Hiyo ilikuwa lugha yetu, haikuhitaji Kiingereza wala Kiarabu. Ndege ikipita juu tunaacha kuimba, tunaipungia, tunaendelea.

Miongoni mwa watoto wa Garhoud alikuwamo Leila. Mama yake, Bi Salma, alizaliwa hapo hapo Dubai katika ukoo wa zamani wa Kizanzibari, na alifanya kazi ofisini, kwenye makampuni ya mizigo ya Dubai Airport Freezone. Siku ya kwanza alinisikia nikiimba, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mwalimu, wewe wa wapi?"

"Mombasa, mwanangu."

"Basi mimi mtoto wangu namwacha hapa. Bibi yake amekufa, nyumbani sina wa kumsemesha Kiswahili isipokuwa mimi, nami narudi jioni hoi." Tangu siku hiyo, miaka miwili mfululizo, kila asubuhi hakuniacha kabla ya kusema, "Shikamoo, mwalimu." Mbele ya mameneja, mbele ya madereva, mbele ya wazungu. Nami nilijibu marahaba na kifua kikapanuka. Ndoo yangu ya buluu ilikuwa nyuma ya mlango.

Ndipo akaja Msimamizi wa Mtaala. Hicho kilikuwa cheo kipya, mtu wa kuamua watoto wafundishwe nini, na aliyeletwa alitoka Ulaya, kijana, mwenye bidii, hilo silikatai. Wiki ya kwanza alikaa nyuma ya duara langu akiandika. Nilidhani anajifunza. Wiki ya pili nilikuta kikao changu kimepigwa chapa, kina jina la Kiingereza, na chini yake jina lake. Nyimbo, kapu, hata ule ukimya wa mikono juu. Nikamuuliza mwenye shule. Huyu tulimwita Madam Mwenyewe, kwa kuwa matawi yote yalikuwa yake, na tulijua amefika kwa manukato kabla ya kumwona.

"Kombo, habibti," aliniambia, "wewe unafanya vizuri sana. Lakini wazazi wanalipia jina."

Mimi naitwa Mwanakombo. Kombo ni mwanamume.

Oktoba ile likaja sanduku. Msimamizi wa Mtaala aliliagiza kutoka kwao, akalifungua mbele yetu kama anayefungua mahari: majani ya kitambaa, ya rangi ya chungwa na kahawia, mamia, kofia za sufu, skafu, na sweta ndogo ndogo nzito zenye picha ya paa kifuani. Akasema tutapiga picha za kijitabu cha shule, watoto wa vuli, uani, majani yakirushwa juu.

"Uani lini, madam?" nikauliza.

"Alhamisi. Saa nne. Mwanga mzuri."

"Madam, saa nne ni joto. Tupige ndani."

"Ndani picha zinaonekana za ndani."

"Basi tuwavue sweta."

Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama unavyomchekea mtoto. "Kombo, vuli bila sweta? Ni dakika kumi tu."

Mkungu ulikuwa umesimama pale pale na majani yake mawili mekundu. Nikamwonyesha. Alisema ni mazuri lakini hayafanani na ya kijitabu.

Alhamisi ikafika. Nitasema yote, hata yanayoniuma, maana nimeapa sitaandika ya wengine nikaficha yangu. Niliwavalisha mimi. Watoto tisa, sweta tisa, kofia tisa, kwa mikono yangu hii. Mlinzi wetu wa getini, Kilonzo, Mkamba wa Machakos, alitazama akatikisa kichwa.

"Mathe, hawa watoi wamevalishwa ni kama wako Limuru. Hii jua itawamaliza."

"Nimesema, Kilonzo. Nimesema nimechoka."

"Sema tena."

Sikusema tena.

Mpiga picha alichelewa, kisha akabadilisha kitu kwenye kamera, kisha akataka majani yarushwe upya. Dakika kumi zikawa ishirini, zikapita. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa mbele yao, mikono juu, naimba. "Waweke hivyo hivyo, Kombo, wako vizuri sana!" ananiambia Msimamizi. Nikawaweka. Wallahi niliwaweka! Mtoto wa miaka miwili akiona joto hukimbilia kivulini, hahitaji ruhusa ya mtu, hata paka hufanya hivyo. Hawa hawakukimbia kwa sababu nilikuwa nawaimbia. Ufundi wangu wote, miaka yote ya Majengo na Satwa, siku ile kazi yake ilikuwa kuwafunga watoto juani. Zilipokwisha dakika zao sita, nikawapa nyingine sita, na nyingine. Nilikuwa hodari mno siku ile.

Kwenye puu ya mwisho watoto wanane walipiga chini. Leila hakupiga. Alikuwa amekaa wima, mashavu mekundu, makavu, hana hata tone la jasho, anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilimnyakua. Kofia ile niliitupa sijui wapi. Nilikimbia naye ndani, nikamvua, nikamlaza kwenye vigae vya chooni ambako ni baridi, nikamfunika taulo la maji shingoni na kwapani, Kilonzo akileta maji mengine mbio na viatu vyake vya ulinzi. Muuguzi wa shule akashika kazi. Gari likaja, akapelekwa zahanati. Saa saba mchana alikuwa amekaa kitandani anakula barafu ya ndimu. Alhamdulillahi, alipona, na sikusudii kuwatia roho juu zaidi ya hapo. Ila ule mwili wake ulivyokuwa wa moto mkononi mwangu, mpaka leo nikishika birika naukumbuka.

Jumapili asubuhi, ambayo huko wakati ule ilikuwa siku ya kwanza ya kazi, niliitwa ofisini. Alikuwamo Madam Mwenyewe, Msimamizi wa Mtaala, na Bi Salma na Leila mapajani. Juu ya meza palikuwa na karatasi, ripoti ya tukio, na kalamu imewekwa juu yake tayari, kifuniko kimeshatolewa. Nikaisoma yote, Kiingereza nakijua. Ilisema kikao cha uani kiliongozwa na Mwalimu Kiongozi aliyekuwa zamu, Mwanakombo fulani, ambaye alichelewa kutambua dalili za joto. Jina langu lilikuwa kamili, hakuna Kombo.

Mwalimu Kiongozi! Mnaona ujanja wa watu? Miaka yote ile nimewaomba neno hilo moja, waliandike popote, ukutani, kwenye kijitabu, kwenye kadi ya Idi. Nilinyimwa. Siku wanayotaka mtu wa kubebeshwa mtoto aliyezidiwa na jua, nikavishwa kilemba. Kilemba cha ukoka, na ndani yake kitanzi.

Bi Salma akanigeukia kwa Kiswahili. "Mwalimu, niambie wewe. Hawa tangu juzi wananizungusha. Ilikuwaje?"

"Kiingereza, tafadhali," akasema Msimamizi wa Mtaala.

"Tia sahihi kwanza, habibti," akasema Madam Mwenyewe, "kisha tuongee."

Nilijua sahihi ile ni nini. Uzembe kwa mtoto wa watu, nchi ya watu. Kazi inafutwa, kadi inafutwa, na huenda nikapitia kituo cha polisi kabla ya uwanja wa ndege. Nyumbani nilikuwa na mama mgonjwa kitandani na nyumba haijaezekwa. Nikafungua mkoba. Nikatoa ile kadi, nikaiweka juu ya ripoti, nikasema kwa Kiingereza, polepole, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia:

"Madam, mimi siwezi kuwa Mwalimu Kiongozi. Mimi ni msafishaji tu. Someni."

Madam Mwenyewe aliitazama kadi, akaitazama ripoti, akafahamu. Kama karatasi ile ingefika kwa wakaguzi wa serikali, swali la kwanza lingekuwa: nani aliweka watoto wa miaka miwili mikononi mwa mtu mwenye kadi ya usafi, na kwa miaka mingapi? Akaivuta ripoti upande wake, kidole kwa kidole. Nilikuwa nimewashinda. Nataka mjue kwamba kwa muda wa pumzi moja nilifurahi.

Kisha nikamwona Bi Salma. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. Ameishika kadi, anaisoma, midomo inatembea.

"Msafishaji?" aliniuliza. "Miaka miwili nakuamkia shikamoo mwalimu, nawe msafishaji?"

"Kadi ndivyo inavyosema."

"Sikuulizi kadi. Nakuuliza wewe."

Mle chumbani nilikuwa na lugha ambayo wale wawili hawakuijua hata neno. Ningeweza kumweleza yote, pale pale, mbele yao, wasielewe kitu: Majengo, mandubu, sanduku la sweta, jinsi nilivyosema na nisivyosema tena. Lakini ningefika pale pa kuimba. Ningelazimika kumwambia, mwanangu, mtoto wako hakukimbia jua kwa sababu nilimbembeleza akae. Nilitazama sakafu, sakafu ambayo nilikuwa nimeipiga deki asubuhi ile ile.

Akasimama na mtoto begani. Akaniambia, "Kwaheri, mama." Mama, basi. Hakuna shikamoo, hakuna mwalimu.

Leila alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake. Walipofika mlangoni akainua mikono yake miwili, juu kabisa, vidole wazi, akanisubiri. Alikuwa anataka nirudie. Na mimi niliyekuwa nimetoka tu kusema kwa mdomo wangu kwamba mimi ni msafishaji, nilibaki na mikono yangu ubavuni. Sikuiinua. Mlango ukafungwa.

Ripoti ile ilichanwa. Ikaandikwa nyingine iliyosema tukio lilisababishwa na hali ya hewa. Likashitakiwa jua! Jua la Dubai, lililokuwa linafanya kazi yake kama kila siku, likapewa makosa ya watu watatu wazima wenye akili zao. Bi Salma alimtoa mtoto wiki ile ile. Msimamizi wa Mtaala alikaa mwaka mwingine, akapata cheo kikubwa zaidi katika shule kubwa zaidi. Kilonzo alikuja nyuma ya jikoni akasimama kofia mkononi. "Mathe, ningekuja kusema. Lakini mimi pia niko na kafeel, mdhamini anayeshika visa yangu." Nikamwambia aende zake, simlaumu, yeye hakumvalisha mtu sweta. Na kijitabu kilitoka! Msidhani waliona haya. Ukurasa wa kati, watoto na majani ya kitambaa yanaruka. Leila hayumo, lakini kwenye ukingo wa picha kuna mikono miwili imeinuliwa. Ni yangu. Kichwa wamekikata.

Mimi nilibaki. Mtaniuliza mbona hukuondoka, na mnaouliza hivyo mna mabati juu ya vichwa vyenu. Walinibadilishia kadi haraka, wakaniandika Yaya, wakadhani wamenifanyia hisani. Niliongoza duara miaka mitatu mingine, na kila binti aliyekuja kufanya kazi, Mganda, Mfilipino, Mkenya wa bara, nilimfundisha mambo yangu yote, na juu yake nikaongeza moja jipya. Kabla mtoto hajatoka uani, weka kiganja chako kwenye ubao wa kuteleza, hesabu moja mpaka tano. Ukishindwa kukiacha hapo, watoto hawatoki, hata akija mfalme na kamera yake. Na ukiambiwa hapana, sema tena. Sema mpaka wakuchukie. Jua lilipotulia, mwezi wa kumi na mbili, tulitoka asubuhi mapema bila sweta, tukakaa chini ya mkungu, na majani mekundu yakaanguka yenyewe.

Nimestaafu sasa, niko Mombasa, magoti yamekataa zulia. Watu hunijia wakitaka niwasifie Dubai au niitukane, nami sifanyi lolote kati ya hayo. Wale watoto walikuwa wazuri. Mti ulikuwa mzuri. Kinachonikera si kwamba walinidharau, dharau niliizoea nikiwa na ndoo. Kinachonikera ni kwamba walipanga mambo hivi: nikisema kweli naangamia, nikijiokoa nakana kazi ya maisha yangu mbele ya mtu mmoja pale mjini aliyeniheshimu. Nami nikaikana. Leila sasa ni msichana mkubwa, hanikumbuki, na sawa. Lakini kama mama yake atawahi kusoma haya: mwanangu, nilikuwa mwalimu. Nilikuwa mwalimu hata nilipokuwa nawaweka juani, na ndiyo maana kosa lilikuwa langu pia.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kujiandikisha kliniki ya magoti. Karani dirishani, kijana safi, ana haraka, ananijazia fomu.

"Kazi uliyokuwa unafanya, bibi?"

"Nilikuwa Dubai."

"Ahaa, Dubai." Akaanza kuandika bila kuniuliza. Nikaona herufi ya kwanza: Y.

"Futa," nikamwambia.

"Bibi?"

"Futa hiyo, mjukuu wangu. Andika mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa watoto wa miaka miwili. Hadithi na nyimbo. Za majani."

Akanitazama, akatazama foleni. "Una cheti, bibi? Namba ya mwalimu? Hapa ni fomu tu, haibadilishi kitu."

Ni karatasi tu, khalas. Hilo nilishalisikia, nilipewa na peremende. Nikaweka viganja vyangu viwili juu ya kaunta. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna, mmoja akasema huyu bibi ana nini. Sikuondoka. Nilisimama pale na magoti yangu mabovu mpaka akachukua kifutio, akafuta ile Y, akaandika, nami nikainama dirishani nikasoma herufi kwa herufi.

"Haya," nikamwambia, "sasa niulize umri."